Agroveti inayouliza "ya nini?": duka la dawa za shamba karibu na daraja la Rwambwa, Bunyala

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Duka hili ni ghali kuliko ya mjini Busia. Shilingi kumi kwenye mbegu, thelathini kwenye dawa ya kuvu, hamsini kwenye mbolea ya kukuzia ukipimiwa kwa kilo. Ukijumlisha msimu mzima utaliona pengo. Lakini toa nauli ya kwenda na kurudi, toa na siku uliyokaa ndani ya matatu ikingoja abiria wa mwisho, kisha uniambie umeokoa nini. Mimi nalima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, nina bata na kuku nyumbani, na nimekuwa mteja hapa tangu lilipokuwa kibanda cha mabati chenye dirisha moja.

Jina la duka sitaliandika. Mwenyewe, ambaye sisi sote humwita Mama Agroveti, ameniomba nisiliandike, na mkisoma mtaelewa. Ukifika upande wetu wa daraja la Rwambwa, uliza duka la mama anayeuliza maswali. Hata mtoto atakuelekeza, na kama umeuliza bodaboda, atacheka kwanza.

Ndani ni padogo. Upande wa kushoto kuna mbegu na vyakula vya kuku, mbele yako kaunta yenye mizani, na nyuma yake kabati la mbao lenye kufuli. Humo ndimo kunakokaa dawa za kuua wadudu, zote, hata zile ambazo maduka mengine huzipanga juu ya kaunta karibu na peremende. Ukutani kuna leseni ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, ile tunayoijua kwa herufi zake PCPB, na ni ya mwaka huu, nimeisoma. Nawashauri muwe na tabia hiyo popote mnaponunua. Sheria inataka duka la dawa liwe na leseni, na asiyekuwa nayo huwa na hadithi ndefu kuhusu mahali ilipo.

Juu ya kabati kuna daftari kubwa, lile la kurasa nyingi ambalo karani wa shule angelitumia. Ukitaka dawa yoyote ya kabatini, unaandikwa: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, zao gani, ekari ngapi, mdudu gani. Kisha unatia sahihi. Wageni hukasirika. Niliwahi kukaa pale kwenye benchi nikisubiri kupimiwa mbolea, akaingia kijana na kofia yake imeinamishwa.

"Mama, nipimie ile ya chembechembe. Ya mia tu."

"Ya nini?"

"Ya shamba."

"Shamba la nani?"

"La mzee."

"Mzee yupi?"

"Mzee wetu."

"Ana mpunga au mahindi?"

Kijana akatazama mlango. "Vyote, mama."

"Na anasumbuliwa na mdudu gani?"

"Mdudu tu."

"Haya. Niletee bua moja lililoliwa nilipasue nione. Sitakulipisha kuliangalia."

Kijana akasema anaenda kulileta. Mpaka nalipia mbolea yangu, sikumwona tena. Mama wa watu hakuinua sauti, hakumwita mwizi, alimuuliza tu kama mtu anayetaka kumsaidia. Na kweli angekuwa na mdudu, angesaidiwa.

Kwa wasiotoka huku, niwaeleze kwa nini swali hilo dogo lina uzito.

Bunyala kuna watu wanaotega ndege kwa sumu. Si wakulima wanaolinda mpunga, na nawaomba mlishike hilo, kwa sababu kila anayetetea biashara hii huanza kwa kusema mkulima ana haki ya kulinda shamba lake. Hawa ni wategaji wa nyama. Wanachukua dawa ya wadudu ya chembechembe, wanaichanganya na chambo, wanaiweka kwenye majaruba yenye maji au kwenye mashamba yaliyokwisha vunwa, wanajificha. Chambo hubadilika kulingana na ndege. Kwa njiwa na tetere ni punje za mpunga. Kwa korongo mweusi anayekula konokono, yule ambaye mdomo wake hata akiufunga unaacha uwazi katikati, wanavunja konokono na kuwajaza sumu. Mara nyingine huweka ndege hai waliofungwa miguu, ili wenzao wanaopita juu waone pako salama, washuke. Ndege akila hachukui muda. Mabawa yanalegea, shingo inaanguka, anakusanywa, anatolewa matumbo, anauzwa kama nyama.

Sumu iliyoleta sifa mbaya ilikuwa kabofurani, na jina la dukani lilikuwa Furadan, chembe za rangi ya zambarau. Ilitengenezwa ifukiwe udongoni, izuie minyoo ya mizizi na vipekecha shina. Kwa ndege mdogo chembe moja inatosha kumuua. Mtafiti Mkenya, Martin Odino, alikuja hapa Bunyala mwaka 2009 na 2010 akaandika alichokiona kwenye majaruba yetu: korongo, njiwa, na ndege wa majini wanaohama kutoka Ulaya na Asia, wanaovuka mabara mazima kisha wanakufa kwenye mfereji wa mpunga Bunyala. Watu wazima wa huku wengi wanamkumbuka. Wengine walimwona mbea. Siku hizi baadhi ya hao hao ndio wanaobeba mabango ya kupinga sumu.

Mwaka huo huo wa 2009 Furadan ilikuwa habari kubwa kwa sababu ya simba. Wafugaji walikuwa wakiinyunyiza kwenye mzoga wa ng'ombe aliyeliwa, simba akirudi kumalizia anakufa, na fisi, mbweha na tumbusi waliokula mzoga huo nao wanakufa. Televisheni ya Marekani ikaonyesha, shirika la WildlifeDirect lililoanzishwa na Richard Leakey likapiga kelele, na kampuni ya FMC iliyoitengeneza ikatangaza kuiondoa sokoni Kenya na kununua tena iliyobaki madukani. Tukadhani yamekwisha. Lakini dawa huondoka jina, haiondoki aina. Desemba 2015 simba wa Maasai Mara, lile kundi maarufu la Marsh, walipewa sumu kwenye mzoga, na iliyotajwa mara hiyo ilikuwa kabosulfani, ndugu wa karibu wa kabofurani. Utafiti uliochapishwa mwaka huo ulisema tumbusi wa Afrika wamepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika muda wa miaka 30 hivi, na kwamba sumu ndiyo inayoongoza kwa kuwaua. Ndiyo maana Mama Agroveti hafungi kabatini dawa moja yenye jina baya. Anafunga zote.

Huku kwetu hakuna simba. Kuna korongo, na korongo hana mtalii anayemlilia.

Sasa kampeni yenyewe, maana duka hili halikuamka asubuhi moja likawa na daftari. Kuna kikundi cha kina mama wa hapa, chama cha kawaida cha kuweka na kukopa, kilichochoka. Kilichowachosha ni bata. Bata wa kijijini haulizi jaruba ni la nani, anaingia anachokoachokoa matope, na akikuta konokono aliyetiwa sumu anamla. Mimi mwenyewe nilipoteza bata wangu wote wakubwa asubuhi moja. Niliwakuta kando ya mfereji, vichwa vimelala majini, mate yakitoka mdomoni, mmoja bado anatetemeka. Bata hao walikuwa karo ya muhula. Jirani mmoja akaniambia nisiwatupe, nitoe matumbo tu nipike, ndivyo wategaji wanavyofanya. Nikawafukia. Kuchoma au kuchemsha hakukuhakikishii chochote kuhusu sumu ya namna hii, na utumbo si mahali pekee inapokaa.

Basi kina mama wakaenda kwenye baraza la chifu. Niliwapo. Wa kwanza kuzungumza alikuwa mgeni aliyealikwa, akatuambia kuhusu ndege wahamaji na mikataba ya kimataifa. Watu wakamsikiliza kwa adabu, wakapiga makofi, wakaanza kuangalia simu. Mzee mmoja akauliza: "Kwani hao ndege ni wa nani? Kama ni wa Ulaya, Ulaya waje wawalishe." Kicheko. Ndipo akasimama mzee mwingine, ambaye alitega kwa miaka na kila mtu anajua. Hakuomba radhi kwa mtu. Alieleza tu kazi ilivyo. Alisema ulikuwa ukichanganya dawa kwa mikono mitupu, jioni macho hayaoni vizuri, jasho linatoka bila joto, mate yanajaa mdomoni, tumbo linakata. Alisema alijua ni sumu kwa sababu hakuwahi kumpa mke wake ndege wa sumu apike. Aliwauza wote. Kisha akawatazama watu waliokuwa wamekaa mbele, akasema, "Nyinyi ndio mlionunua."

Hapo hakuna aliyecheka. Kwa maoni yangu kampeni ilianza dakika ile. Mpaka leo kikundi hakianzi mkutano na ndege wa Ulaya. Kinaanza na sufuria.

Baada ya baraza, kina mama walifanya jambo ambalo ningependa vikundi vingine viige, hata vile vya Naivasha na Nakuru ambako wanahangaika na sumu ya panya inayoua bundi. Waliacha mabango kwanza, wakaingia duka kwa duka. Kila agroveti ya eneo hili ilitembelewa na kina mama watano au sita kwa pamoja, wote wateja, wakanunua kitu kidogo, kisha wakaongea na mwenye duka. Ombi lilikuwa moja: usimpimie mtu dawa kwenye karatasi. Uza pakiti iliyofungwa yenye maandishi, na mwandike anayenunua. Mtegaji hahitaji pakiti nzima wala hana pesa yake. Anahitaji kijiko cha mia. Ukikata kijiko umemkata miguu.

Wapo waliokubali palepale. Wapo waliocheka. Duka moja, ambalo pia sitalitaja, bado linapima kwenye karatasi ya gazeti, na mtu akiuliza maswali anaambiwa mteja ni mfalme. Mama Agroveti alikubali, tena akaongeza daftari na lile swali, ambalo hakuna aliyemwomba. Nilimuuliza siku moja kama halimpunguzii mauzo. Akaniambia linapunguza, asinidanganye. Mauzo ya mia mia ya jioni yamekwisha kabisa. Na kuna usiku mlango wake ulipigwa mawe. Ndiyo sababu ya jina kutoandikwa.

Sasa huduma yenyewe, maana hii ni tathmini ya duka, si mahubiri.

Ushauri wake ni wa daraja la juu. Msimu mmoja nilimpelekea mabua yaliyonyauka katikati, suke jeupe lisilo na punje. Akalipasua bua kwa kisu, akanionyesha funza ndani, kipekecha shina. Nilikuwa nimebeba pesa ya dawa mkononi. Akaniambia kwa mpunga uliokwisha toa masuke nimechelewa, dawa nitakayonunua itaua buibui na wadudu wanaonisaidia, na funza yuko ndani ya bua anakula zake. Akanishauri nikivuna nikate mabua chini kabisa, nisiyaache yasimame shambani, nijaze maji au nilime mapema ili funza waliobaki wafe, na msimu ujao nipande pamoja na majirani badala ya kila mtu kupanda wiki yake. Nimeondoka na pesa yangu. Tangu niijue biashara ya dawa, sijaona muuzaji mwingine akikataa pesa namna hiyo. Kupanda pamoja na majirani, hata hivyo, ni rahisi kusema. Maji ya skimu yetu yanatoka mto Nzoia, na yanapofika kwako ndipo unapopanda.

Kwa upande wa ndege wanaokula mpunga kweli kweli, yaani kwelea na wenzake, duka linauza utepe wa kumetameta, wavu wa kufunikia kitalu, na manati za watoto. Nimetumia vyote. Utepe ni mzuri ukiufunga wiki ambayo punje zinaanza kujaa maziwa, si kabla. Uvute uwe na msokoto kidogo, upepo ukipita ulie na kung'aa. Ukiuweka mapema ndege wanauzoea, na baada ya muda mfupi utawakuta wamekaa juu yake. Jirani yangu anatumia kanda za kaseti za zamani na anaapa zinalia vizuri zaidi. Sibishani naye, lakini kaseti zimekwisha duniani. Wavu ni ghali na unafaa kitalu tu. Manati usinunue, mtoto atajitengenezea.

Na hakuna kati ya hivi kinachomshinda mtu aliyesimama juu ya dungu akiamia, yaani akifukuza ndege. Kuamia ni kazi ya kuchosha, alfajiri na jioni, na wanaoifanya ni watoto ambao wangepaswa kuwa darasani, au nyanya zao. Nasema hivi ili asije mtu akaniambia wapinga sumu wanadhani mkulima anacheza. Siwapendi kwelea. Wakishuka kwa maelfu kwenye jaruba langu ninawatukana kwa Lunyala na kwa Kiswahili. Lakini korongo mla konokono hali mpunga hata punje moja. Mwaka 2020 wakulima wenzetu wa mpunga kule Mwea walivamiwa na konokono mgeni anayekata miche michanga majini, na mpaka leo wanapambana naye. Sisi tuna ndege ambaye konokono ndio chakula chake kikuu, anakuja bila kulipwa, na kuna mtu anamuua kwa mia moja. Mzee aliyeuliza ndege ni wa nani siku hizi anatoa hoja hiyo yeye mwenyewe, utadhani aliigundua.

Ukutani, karibu na leseni, kuna karatasi ambayo kikundi kilibandika kwa Kiswahili na Lunyala: ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiwaguse kwa mikono mitupu, fungia mbwa na bata, piga picha, mwite mzee wa kijiji na maafisa wa wanyamapori, na usiwafukie kabla ushahidi haujachukuliwa. Na kama mtu ndiye aliyekula au kushika dawa, akaanza kutoa mate na jasho, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano, apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti ya dawa au hata picha yake, kwa sababu daktari ana atropini na anahitaji kujua anapambana na nini. Maziwa hayatibu. Nimeona watu wakimpa mgonjwa maziwa na kukaa kusubiri. Karatasi hiyo peke yake inafanya duka listahili kutembelewa, na ningependa kuiona zahanati, shuleni, na kwenye steji ya bodaboda. Nina neno moja tu juu yake: kuwaita maafisa ni rahisi kuandika. Sisi tukipiga simu asubuhi, gari likifika jua limeshuka na mbwa wamekula ushahidi. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ipo na ina meno, lakini meno yako mbali na majaruba.

Malalamiko yangu sasa.

La kwanza ni kijana wa dukani. Mama akiwapo, daftari linafanya kazi. Mama akienda msibani au Busia kuleta mali, yule kijana yuko kwenye simu yake, na maswali yanakuwa mafupi. Niliwahi kumwona akimwandika mtu "mahindi, mdudu" bila hata kuinua kichwa. Hakupima kwenye karatasi, hilo nampa, aliuza pakiti iliyofungwa. Lakini daftari lililojazwa hivyo ni daftari la kumbukumbu ya majina tu. Nilimweleza mama, akaguna, akasema ni mtoto wa dada yake. Mnajua maana ya jibu hilo.

La pili ni pampu ya mgongoni ya kukodi. Ilivuja kwenye mpini, nikarudi nyumbani fulana imelowa upande mmoja. Kwa duka linaloogopa sumu kiasi hiki, pampu inayovuja ni aibu. Walinirudishia pesa, lakini nimeiona tena pale nje ikisubiri mteja mwingine, na sikuona mpira mpya. Tena hawakukodishi glavu pamoja nayo. Zinauzwa, ni kweli, lakini anayekodi pampu kwa kukosa pesa ya kununua yake hatanunua glavu.

La tatu ni risiti. Hupewi mpaka uombe, na ukiomba inaandikwa kwenye kikaratasi ambacho hakina hata muhuri. Lipa na M-Pesa ndiyo salama yako, angalau ujumbe unabaki kwenye simu.

Mbegu wanazouza za mpunga ni aina ya IR 2793 zaidi, na mara nyingi huisha wiki ile ile mnapozihitaji. Agiza mapema. Chakula cha vifaranga ni kizuri na hakina ukungu, hilo halina maneno mengi.

Nampa nyota nne kati ya tano. Pampu na mtoto wa dada wamekula ya tano. Kuna watakaosema nampendelea kwa sababu ya kampeni, na sikatai kwamba bata wangu wako ndani ya hesabu hii. Lakini nimenunua dawa maduka mengi, na hapa ndipo pekee nilipoondoka nikijua jina la mdudu niliyekuwa nampiga vita.

Kwa wanaotoka nje, Ahero, Siaya, hata Kisumu, kuna watu wa vikundi wameanza kuja kuangalia daftari linavyofanya kazi ili wakajaribu kwao. Msije Jumapili, amefunga, na siku ya soko msije mchana kwa sababu foleni inafika barabarani na mama hana muda wa kueleza. Jumanne au Jumatano asubuhi ni bora. Mvua kubwa ikinyesha juu huko, ulizeni kwanza kama barabara inapitika, maana Nzoia ikivimba hamtaona duka wala barabara. Mkija kununua dawa, bebeni kitambulisho na bua lililoliwa, tena lifungeni kwenye mfuko wa karatasi lisioze. Mkija kuona daftari tu, nunueni hata kilo moja ya chakula cha kuku. Biashara yake ya jioni ilikwisha, na kodi ya duka haijui kampeni.